Jioni ya Kutazama Ndege Bwawani Tabora: Mwongozo kwa Anayeanza

Nije saa ngapi? Lazima niwe na darubini? Mamba wapo? Na lile lisilokoma: huyu ni ndege gani, likiambatana na picha ya doa jeusi katikati ya maji. Maswali haya nimeyajibu njiani, sokoni, hata msibani, mpaka nimeona afadhali niyaandike yakae mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kukaa kando ya maji kwa ajili ya ndege tu. Kama wewe unamtofautisha mnandi na mbizi ukiwa ng'ambo ya bwawa, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 8, ya kuhesabu. Hapo hata wazoefu huboronga.

Nazungumzia mabwawa ya Tabora: Igombe, kaskazini mwa mji, na Kazima, lililo jirani zaidi. Yote mawili yalijengwa ili mji upate maji, ndege wakajikaribisha wenyewe. Lakini hatua zenyewe zinafaa popote, hata kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe kijijini kwenu.

Wengi watakuambia alfajiri ndiyo saa ya ndege. Kwa porini sikatai. Kwa bwawani, na kwa mtu mgeni wa kazi hii, mimi nasema jioni. Alfajiri ndege wanatawanyika kila mmoja na njia yake, nawe unabaki unageuza shingo. Jioni wanarudi. Wanapita mbele yako mafungu kwa mafungu, kama watu wanaotoka mnadani, na kazi yako ni kukaa tu.

Vitu vya kuwa navyo

- Darubini ya macho mawili, ukiweza kuipata hata ya kuazima. Tazama namba zilizoandikwa juu yake, mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 unapata 5 na kitu. 25 kwa 10 unapata 2.5. Jibu likiwa kubwa, mwanga wa jioni unaingia vizuri. Vile vidarubini vya mfukoni vya 10x25 huanza kuona giza mapema, wakati mambo ndiyo kwanza yanachangamka. Na ukiuziwa darubini inayodai kukuza mara 50, rudisha. Mkono wa binadamu hauwezi kuituliza.
- Daftari dogo na penseli. Si kalamu ya wino. Daftari likilowa, wino unahama na kumbukumbu zako zote.
- Nguo za mikono mirefu na suruali ndefu, za rangi ya kaki, udongo au kijani kilichopauka. Epuka bluu na nyeusi. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Mimi niliwahi kwenda na shati la bluu jipya la Idi. Sikumbuki niliona ndege gani siku hiyo.
- Viatu vya kufunika mguu. Kandambili ziache nyumbani, nyasi za kando ya maji zina wenyewe.
- Dawa ya mbu ya kupaka.
- Tochi, na kipande cha karatasi laini nyekundu ya kufungia kioo chake.
- Kigoda kidogo au kanga kuukuu ya kukalia.
- Maji ya kunywa na kitu cha kutafuna. Mimi hubeba matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga. Usilete krispi, mfuko wake unasikika hadi ng'ambo.
- Simu yenye chaji. Ukitaka programu ya kukusaidia kutambua ndege, Merlin ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, ila pakua kifurushi cha ndege wa Tanzania ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri.

Huna darubini kabisa? Njoo hivyohivyo. Nusu ya kazi ya jioni ni masikio, na nusu ya iliyobaki ni maumbo meusi dhidi ya anga, ambayo macho matupu yanayaona.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha chagua siku

Tabora mvua huanza Novemba na kwisha Aprili, hivi. Kiangazi kinapofika mwisho, Septemba na Oktoba, maji ya bwawa yameshuka na pembezoni pamebaki tope. Tope hilo ndilo meza ya chakula: konokono, kome, vidudu, samaki walionaswa kwenye vidimbwi. Ndege wote wanasogea hapo. Wakati huohuo wageni kutoka Ulaya na Asia wanaanza kuingia wakikimbia baridi ya kwao, na wanakaa hadi Machi au Aprili. Mbayuwayu unaowaona Desemba juu ya maji, wengi wao walizaliwa chini ya mapaa ya nyumba za huko.

Masika maji yakijaa, ndege hutapakaa kila penye dimbwi na bwawa huonekana kama tupu. Si kosa lako. Njoo pia, lakini punguza matarajio na ongeza koti la mvua.

Siku ya upepo mkali ahirisha. Siku ya mbalamwezi ipende, nitaeleza sababu mbele.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, na upange usafiri wa kurudi kabla hujaondoka

Hiki ni chanzo cha maji. Mtu mwenye darubini anayechungulia ukuta wa bwawa magharibi inapoingia anatia shaka, nawe ungekuwa mlinzi ungemshuku. Kwa hiyo nenda kwanza kwa mlinzi, au kwa mwenyekiti wa kijiji kama uko upande wa wavuvi. Salimia vizuri. "Shikamoo baba" inatosha, na ukiongeza "Mwadila" ya Kinyamwezi utaona uso unafunguka. Sema shida yako kwa maneno mepesi: nimekuja kuangalia ndege, nitakaa pale, nitaondoka saa moja na nusu. Mwonyeshe darubini. Mpe atazame. Mlinzi akishamwona tai kwa karibu namna ile, mara ya pili yeye ndiye atakayekuambia analala mti gani.

Usipige picha ukuta, mitambo wala pampu. Piga ndege.

Bodaboda aliyekuleta mpangie saa ya kukufuata na uchukue namba yake, pia namba ya mwenzake. Giza likishaingia hakuna pikipiki inayopita huko kwa bahati tu.

Hatua ya 3: Fika saa 10:30 jioni

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanakuja saa 12 wakidhani jioni ndiyo hiyo, wanaingia kwa kishindo, ndege wanaruka, na kabla hawajatulia giza limefika. Unahitaji angalau saa moja ya kukaa bila kufanya lolote ili ndege wakusahau.

Kama umetoka Dar, jua kwamba jua la Tabora linachelewa. Saa zetu ni zilezile, lakini sisi tuko magharibi zaidi, hivyo linazama kama dakika 25 baada ya la Dar. Kwa mwaka mzima huku linazama kati ya saa 12:40, mwanzoni mwa Novemba, na saa 1:10, katikati ya Februari. Baada ya hapo una kama dakika ishirini za mwanga wa kusoma umbo la ndege. Basi.

Hatua ya 4: Kaa ukilipa jua mgongo

Ukisahau hatua zote, hii usiisahau. Jioni jua liko magharibi. Ukilitazama, kila ndege ni mweusi, iwe yangeyange au bata. Ukilipa mgongo, mwanga wa dhahabu unawaangukia wao, na utaona hadi rangi ya jicho. Kwa hiyo tafuta ukingo wa magharibi, utazame mashariki. Kama pa kufikia ni upande mmoja tu na jua linakupiga usoni, geuka pembeni uangalie kona ya bwawa badala ya katikati.

Kisha haya ya mahali penyewe:

Usisimame juu ya tuta. Mtu aliyesimama tuta lote likiwa tupu anaonekana kama mnara. Shuka chini kidogo, egemea mti au kichaka, ili umbo lako lipotee.

Kaa hatua ishirini au zaidi kutoka kwenye maji. Mamba wapo? Jibu langu ni lilelile kila siku: kaa kana kwamba wapo, hata kama kijana mmoja anakuambia ameogelea hapo tangu utotoni. Na maji hayo usiyakanyage wala kunawia miguu. Kichocho hakihitaji mamba.

Kagua unapokalia. Siafu hawana habari na ndege wako.

Hatua ya 5: Tengeneza darubini kabla ndege hawajaja

Kunja au kunjua zile pande mbili mpaka uone duara moja. Ukiona miduara miwili, bado. Kisha funika kioo cha kulia kwa kiganja, tazama kitu kisichotembea, tuseme kisiki, na uzungushe gurudumu la katikati mpaka kwa jicho la kushoto kisiki kiwe safi. Sasa funika cha kushoto, na kwa jicho la kulia zungusha kipete kilicho kwenye mlango wa jicho hilo. Usiguse gurudumu la katikati wakati huo. Umemaliza, kuanzia hapo ni gurudumu la katikati pekee.

Mazoezi: mtazame ndege kwa macho matupu, usiondoe macho kwake, kisha inua darubini ije machoni. Wanaoanza hufanya kinyume. Wanaweka darubini machoni halafu wanaanza kuzunguka angani kutafuta, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Hatua ya 6: Andika waliokuwepo kabla ya shughuli kuanza

Pitisha macho polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye miti mikavu iliyosimama majini tazama vilele. Hapo ndipo anapokaa tai mlasamaki, anayeitwa pia furukombe: kichwa na kifua cheupe, tumbo la kahawia, na mlio wa kutupa kichwa nyuma ambao ukishausikia hutauchanganya na wa ndege mwingine. Chini yake, mnandi wametanua mabawa wakiyaanika. Karibu nao utaona mbizi, mwenye shingo nyembamba kama nyoka na mdomo mnyoofu kama mkuki; mdomo wa mnandi una ndoana mbele. Akiogelea, mbizi huzamisha mwili wote na kuacha shingo tu nje, na watu wamenipigia simu kwa hofu ya nyoka wa majini.

Kwenye majani ya yungiyungi kuna ndege wa kahawia mwenye vidole virefu kupita kiasi, anayetembea juu ya majani bila kuzama. Vitabu humwita sile-maua. Kwake dume ndiye anayeatamia na kulea, na hatari ikija huwakumbatia vifaranga chini ya mabawa na kuondoka nao, miguu ya watoto ikining'inia. Mtafute vizuri, ni burudani.

Mdiria mweusi na mweupe atakuwa anaelea angani mahali pamoja, akipigapiga mabawa, kabla ya kujitupa majini kichwa chini. Kwenye tope, yupo mwenye rangi nyeusi, nyeupe na kijivu anayelia kama nyundo juu ya chuma: ting, ting, ting. Ungetegemea huyo ndiye aitwe fundichuma, lakini jina hilo ni la mwingine, yule wa kahawia mwenye kichwa kilichochongoka nyuma, anayejenga kiota kikubwa kama tenga la kuku. Kiota hicho usikiguse. Mimi siamini mikosi inayosemwa juu yake, ila wenyeji wengi wanaiamini, na wewe ni mgeni wao.

Hatua ya 7: Tambua kwa umbo, rangi iweke mwisho

Jioni inakula rangi. Ukisema "nilimwona ndege wa kijivu," saa moja kasoro kila ndege ni wa kijivu. Andika kwa mpangilio huu:

Ukubwa, kwa kulinganisha na unaowajua: shomoro, njiwa, jogoo, au mkubwa kuliko jogoo.

Mdomo: mfupi, mnyoofu, uliopinda chini, wa bapa. Kwarara, mathalani, mdomo wake umepinda kama mundu, na huo peke yake unatosha.

Alikuwa anafanya nini. Kutembea, kuzamia, kuelea, kusimama kama sanamu.

Shingo akiruka. Hii ndiyo siri ndogo itakayokupa heshima mbele ya wenzako. Sisi huita kila mwenye miguu mirefu "korongo", lakini angani wanagawanyika. Yangeyange na korongo wa kijivu hukunja shingo wakiruka, kichwa kikalala mabegani. Kwarara na korongo wengine wengi hunyoosha shingo mbele. Anayevuruga kanuni ni marabu, yule mwenye upara na mfuko shingoni: ni korongo wa kundi la pili lakini hukunja shingo kama wa kundi la kwanza. Marabu, hata hivyo, kwa ukubwa wake na sura ile, hahitaji kanuni.

Programu ya simu ikikupa jina, lichukue kama maoni ya jirani. Jiulize: ndege huyo anapatikana Tanzania magharibi? Msimu huu? Nchi hii ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na simu haijui kwamba uliyempiga picha ni kisiki.

Hatua ya 8: Saa ya kurudi nyumbani, hesabu

Kuanzia kama saa 11:45 mlango unafunguka. Yangeyange ndio wa kwanza. Siku nzima walikuwa na ng'ombe malishoni wakiokota panzi wanaorushwa na kwato, sasa wanakuja kwa mistari, chini chini juu ya maji, kuelekea mti mmoja au kisiwa kimoja cha matete. Mti huo ukishaujua, umepata bweni lao la kulala, na hapo ndipo pa kuelekeza macho jioni zote zitakazofuata.

Kuhesabu mstari mmoja mmoja ni rahisi. Kundi la mia mbili linalopita kwa nusu dakika ni jambo jingine. Fanya hivi: hesabu ndege kumi wa mbele kwa kweli, mmoja mmoja. Tazama kumi hao wanachukua nafasi gani angani. Kisha funika kundi lililobaki kwa vipande vya ukubwa huo: kumi, ishirini, thelathini. Andika mara moja, usisubiri. Wakipita wengine, mstari mpya daftarini, na saa kando yake. Mfano wa ukurasa wangu unavyokuwa:

12:05 – yangeyange 34
12:11 – yangeyange 60 hivi, kwarara 7
12:20 – mnandi 15, wametoka magharibi

Kosa la wanaoanza ni kuhesabu ndege walewale mara mbili wanapozunguka kabla ya kutua. Dawa yake: chagua mstari wa kufikirika, labda kutoka kisiki hadi mnazi au mwembe wa ng'ambo, na uhesabu wanaouvuka kuelekea bweni tu. Akiuvuka kurudi nje, mtoe.

Usijionee aibu kuandika "hivi". Namba ya kukisia iliyoandikwa na saa yake ina faida. "Walikuwa wengi sana" haina.

Kama saa 12:30, kuanzia Oktoba hadi Machi, tazama juu ya matete. Mbayuwayu huanza kama vumbi, kumi, ishirini, halafu anga linajaa. Hapo usijaribu hata kuhesabu kwa kumi kumi. Weka darubini chini utazame. Kipanga naye anajua ratiba; mara nyingi atapita katikati yao akichukua chakula cha jioni.

Usirushe jiwe ili waruke upate picha. Mwanga ukishafifia, ndege aliyeondolewa kitandani anapata shida kupata pengine. Usicheze milio yao kwenye simu kuwaita, hasa msimu wa kutaga. Dume anaacha kiota kuja kupigana na simu yako.

Hatua ya 9: Giza likiingia, funga mdomo, fungua masikio

Watu wengi hufunga mizigo jua likizama, na hapo wanakosa zamu ya pili. Ndege wa mchana wakilala, wa usiku wanatoka.

Bata wa mluzi, wenye uso mweupe, huondoka bwawani kwenda kula. Utawasikia kabla ya kuwaona: mluzi mwembamba wa sauti tatu, unapita juu yako, kisha umbo la shingo ndefu na mabawa mapana dhidi ya wekundu uliobaki magharibi. Safari hii ndiyo pekee ninayokuruhusu kugeukia magharibi, kwa kuwa sasa unatafuta vivuli.

Korongo mdogo wa usiku, mnene na asiye na shingo, hutoka kwenye matete na kulia mara moja, "kwok", kama chura aliyekwazwa. Bundi wakiita, waache waite. Swali la kama bundi ni uchuro nimeulizwa na watu wenye shahada. Anakula panya. Zaidi ya hapo sina.

Kisha virukanjia. Hawa hulala chini mchana, rangi ya majani makavu, na jioni huinuka kuwinda wadudu kwa mabawa yasiyo na sauti. Usiku wa mbalamwezi huwinda na kulia zaidi, ndiyo maana nilisema uipende siku hiyo. Kuanzia Septemba, miombo inapochipua, ukibahatika utamwona dume wa aina moja ambaye kila bawa lina unyoya mrefu kuliko mwili wake, unaopepea nyuma kama utepe. Niliyekuwa naye mara ya kwanza alidhani ni popo wawili wanaofukuza ndege.

Tochi iwashe ukiwa unatembea tu, imefungwa ile karatasi nyekundu, imeelekezwa chini. Usiimulike miti wanamolala.

Mambo yakienda kombo

*Sioni ndege hata mmoja.* Umekaa dakika ngapi? Kama ni chini ya arobaini, endelea kukaa. Kama imepita saa nzima, tazama kama kuna mtumbwi unatega nyavu upande huo. Ndege watakuwa upande wa pili. Waulize wavuvi, tena kwa adabu: wao wanajua kila anayekula samaki, kwa kuwa ni mshindani wao.

*Ndege wote ni weusi.* Unatazama jua. Rudi hatua ya 4.

*Picha zangu hazifai.* Za jioni kwa simu karibu zote hazifai. Ukitaka kujaribu, weka kamera ya simu kwenye mlango wa jicho wa darubini, egemeza darubini kwenye kigoda au mti, piga nyingi kabla ya saa 12. Baada ya hapo chora. Mchoro mbaya wenye mishale, "mdomo mwekundu", "doa jeupe hapa", unanisaidia kukutajia jina kuliko picha ya doa.

*Vioo vimeingia ukungu.* Usifute kwa shati. Shikilia darubini kwenye hewa mpaka ujiondoe wenyewe, kisha kitambaa laini. Ukungu ukiwa ndani, kati ya vioo, hilo ni la fundi. Ukinunua ya mtumba, kwanza imulike kwa tochi uone kama ndani kuna utando kama wa buibui.

*Watoto wamenizunguka.* Usiwafukuze, watarudi na wenzao. Wape darubini kwa zamu, na uwape kazi: wewe hesabu wanaotoka kulia, wewe kushoto. Macho yao ni makali kuliko yako. Wengi pia wanajua majina ya Kinyamwezi ya ndege hao, yaandike.

*Wenzangu wanaongea.* Watu wanne ndio mwisho. Kuanzia watano huo ni mkutano.

*Nimekuja mara tatu sijamwona korongo-nyangumi.* Na hutamwona, ndege huyo mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Swali hili linakuja kila mwezi, kwa kuwa watu wamesikia yupo "huku kwetu". Yupo magharibi yetu, kwenye mafunjo ya ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, ile iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, iitwayo Ramsar, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania. Anahitaji mafunjo mapana, maji ya kina kifupi na utulivu ambao bwawa la mjini halina. Huko ni safari ya siku kadhaa, yenye vibali na gharama zake. Kwa bwawani mtafute korongo mweusi mwenye mdomo usiofumba katikati, penye tope. Ule mwanya humsaidia kushika konokono.

*Mvua imenikuta.* Radi ikianza, ondoka chini ya mti mrefu na kando ya maji, ndege waache. Barabara ya udongo ikilowa, bodaboda anaweza kukataa kuja. Nenda kwa mlinzi uliyemsalimia hatua ya 2. Sasa unaona kwa nini.

*Bodaboda hajaja.* Piga namba ya pili. Wakati unasubiri usitembee peke yako gizani, kaa penye watu. Na akifika, mwambie aende taratibu kipande cha vumbi, taa ikiwa imewaka kamili. Virukanjia hupenda kukaa barabarani usiku, na macho yao yakipigwa na taa yanawaka mekundu kama kaa la moto lililodondoka. Andika hao pia, na saa.